Takataka za nyumba, moto wa jikoni, na mapatano kati yetu

Maneno yaliyotolewa Goma mbele ya jamaa za wakimbizi wa ndani, jamaa za mapokezi na viongozi wa mitaa

 

Sisi tunaofanya kazi ya shirika mitaani na vijijini tumeombwa tuseme juu ya takataka za nyumbani, na namna zinavyoweza kugeuzwa kuwa moto wa kupikia. Huenda wengine mnajiuliza: watu wa kazi ya amani, na maganda ya ndizi, wapi na wapi? Tutajibu swali hilo kwanza. Kisha tutaeleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua. Mwisho tutasema juu ya jambo ambalo mara nyingi linasahauliwa, nalo ni hili: takataka ikianza kuleta faida, watu wataigombania. Inafaa tupatane mbele ya siku hiyo kufika.

Sufuria na usalama

Kila mtu hapa anajua kwamba bila kuni au makala sufuria haichemki. Unaweza kupewa unga na maharagi, lakini maharagi hayaliwi mabichi. Msaada wa chakula ukija bila moto, mama ndiye anayebaki na swali la wapi pa kupata moto.

Makala tunayonunua hapa Goma yanatoka sana Masisi na katika misitu ya Hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925, na mwaka 1979 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Mwaka 1994 iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka huohuo ndugu zaidi ya 800,000 kutoka Rwanda walikimbilia upande wetu, wakakaa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Kila jamaa ilipaswa kupika kila siku. Kwa muda wa miaka 2 tu, zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu ziliguswa. Watu wale hawakuchukia msitu. Walikuwa na njaa, na watoto wao pia.

Tangu wakati ule, makala na kuni zimeingia katika mambo ya vita. Vikundi vyenye silaha vimekula faida ya makala kwa miaka mingi, kwa kutoza kodi wachomaji na wabebaji. Walinzi wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Na mkulima au mkimbizi anayekutwa na mzigo wa kuni anajikuta katikati: huku mlinzi, huku mtu wa bunduki.

Lakini wanaolipa zaidi ni wamama na wasichana. Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba katika mwaka mmoja tu wa 2023 walihudumia watu zaidi ya 25,000 waliotendewa jeuri ya kingono katika nchi yetu. Wengi wao walitoka katika kambi zilizozunguka Goma, na wengi walishikwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Hatutaingia katika habari hizo kwa urefu, kwa sababu kati yetu hapa wako wanaozijua kuliko sisi. Tunasema tu kwamba kila sufuria inayopikwa bila mtu kwenda msituni ni safari moja ya hatari iliyopunguzwa. Hapo ndipo maganda ya ndizi yanapoingia katika kazi ya amani.

Kambi za pembeni ya Goma zilivunjwa mwezi wa pili mwaka 2025. Wengine walirudi Sake, Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, na wengine wamebaki mjini katika jamaa za mapokezi. Kwa hiyo mzigo wa moto umehamia ndani ya nyumba. Jamaa mbili, wakati mwingine tatu, zinagawana mbabula moja. Tunasikia maneno ya jikoni: nani amemaliza makala, nani ananunua, nani anapika tu. Maneno madogo ya namna hiyo yakikaa siku nyingi yanazaa chuki.

Takataka zipi zinafaa

Tukisema takataka hatusemi kila kitu kilichotupwa. Zinazofaa ni hizi: vumbi la makala lililobaki chini ya gunia, vumbi la mbao kutoka kwa maseremala, magunzi ya mahindi, maganda makavu ya maharagi na ya kahawa, maganda ya ndizi na ya mihogo yaliyokaushwa, makapi ya muwa, majani makavu, karatasi na makartoni yasiyo na plastiki.

Zisizofaa kabisa ni plastiki, sandali za zamani, sponji ya godoro, nguo za nailoni, betri, na mbao zilizopakwa rangi au dawa. Moshi wake ni sumu. Usikubali mtu akuambie kwamba plastiki kidogo inasaidia moto kuwaka. Inawaka kweli, lakini mtoto anayelala karibu na jiko ndiye anayeivuta.

Tunaomba pia mfuate utaratibu. Kama nyumba ina mbuzi, nguruwe au simbilisi, maganda mabichi ni chakula chao kwanza. Kama nyumba ina shamba au bustani, yaliyooza ni mbolea. Kinachobaki ndicho cha moto. Haifai kuondoa chakula cha mnyama wa jirani ili kutengeneza briketi, kwa maana kesho huyo mnyama ni karo ya shule ya mtoto.

Kazi yenyewe

Ziko njia mbili, na zote hazihitaji mashini ya bei kali.

Njia ya kwanza ni briketi za makala. Hapa kitu cha msingi ni vumbi la makala. Katika gunia moja, mara nyingi sehemu ya kumi au zaidi hubaki kuwa vumbi ambalo muuzaji analifagia. Hilo ni makala kamili, limekosa umbo tu.

Unaweza kuliongeza kwa kuchoma magunzi na maganda makavu ndani ya pipa. Pipa linatobolewa matundu madogo chini. Jaza vitu vikavu kabisa, washa, na uangalie moshi. Mwanzoni ni mzito na mweupe. Ukiwa mwepesi, karibu hauonekani, ziba matundu kwa udongo, funika juu na uzibe pembeni kwa matope. Acha mpaka kesho yake. Ukifungua pipa likiwa bado moto, hewa itaingia na utabaki na majivu.

Hapa tunasema ukweli ili mtu asidanganyike: maganda ya ndizi yana maji mengi. Kilo 10 za maganda mabichi zikikauka zinabaki kilo 1 au 2, na zikichomwa katika pipa hata nusu kilo ya makala ni shida kufika. Kwa hiyo maganda peke yake hayatoshi. Yanaongeza, lakini nguvu inatoka katika vumbi la makala, magunzi na vumbi la mbao.

Twanga kila kitu katika kinu kizee ambacho hakitumiki tena kwa chakula, kisha chekecha. Kwa kilo 10 za vumbi, pika uji mwepesi wa nusu kilo ya unga wa muhogo. Wamama wengi wanatuuliza: tutachukuaje unga tukautie katika makala wakati watoto wana njaa? Swali hilo ni la haki. Msitumie unga wa kula. Tumieni ule ulioharibika, au wanga unaotulia chini ya chombo baada ya kukuna na kuosha mihogo. Karatasi iliyolowekwa siku 3 na kutwangwa mpaka iwe kama bugali laini inaweza pia kushikamanisha. Udongo wa mfinyanzi unashika vizuri, lakini ukizidi unaongeza majivu na kupunguza moto.

Changanya uji na vumbi ungali na joto. Kamata kidogo, finya kwa mkono. Ikiwa inashikamana na maji hayadondoki, iko tayari. Tengeneza viringe vya ukubwa wa yai, au tumia mkebe uliokatwa pande mbili. Anika juu ya shitingi siku 3 mpaka 5 za jua. Briketi iliyokauka inakuwa nyepesi na ukiigonga na nyingine inatoa sauti kavu.

Njia ya pili haina makala. Karatasi, majani makavu na vumbi la mbao vinalowekwa siku kadhaa, vinatwangwa, halafu vinakamuliwa katika presi ya mbao yenye mkono mrefu. Seremala yeyote wa mtaani anaweza kuitengeneza akionyeshwa mfano. Briketi inatoka mviringo, na tundu katikati ili hewa ipite. Hizi zinatoa moshi kuliko zile za kwanza, kwa hiyo zinafaa jiko la nje.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hatuanzi na gesi ya samadi, kama wanavyofanya fasi nyingine. Mnajua ardhi yetu. Mtaa mwingi wa Goma umekaa juu ya mawe ya volkano, na moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 uliongeza mawe mengine katikati ya mji. Kuchimba shimo la gesi ni kazi ya gharama, na maji ni shida. Hata shimo la takataka ni vigumu kulichimba, ndiyo maana takataka zinalundikana kando ya barabara. Briketi hazitaki shimo.

Zinaweza nini, haziwezi nini

Briketi za makala zikikauka vizuri zinawaka polepole na kwa muda mrefu. Zinafaa maharagi, sombe, na maji ya kuoga. Hazifai sana kwa mtu anayetaka moto mkali wa haraka. Kuwasha kunataka subira: weka vijiti vidogo au makala machache chini, kisha briketi juu. Zina majivu kuliko makala ya mti mgumu.

Mvua ni adui wake. Kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili, na tena kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, kukausha kunaweza kupita juma zima. Anayetaka kuwa na moto wakati huo atengeneze nyingi katika kiangazi cha mwezi wa sita mpaka wa nane, na kuzitunza mahali pakavu.

Tunawaomba msituamini kwa maneno tu. Pikeni maharagi ya kipimo kimoja, siku moja kwa makala, siku ya pili kwa briketi. Andikeni saa ya kuanza, saa ya kuiva, na kiasi cha moto kilichotumika. Kila mtaa upate hesabu yake.

Na moto bora ni ule usiotumika. Loweka maharagi usiku kucha. Funika sufuria. Yakishachemka vizuri nusu saa, toa sufuria, ifunge katika kikapu chenye nguo nzito au majani makavu ya ndizi, na uyaache yaendelee kuiva kwa joto lake. Baadaye urudishe motoni yachemke tena mbele ya kula. Mama anayefanya hivyo anapunguza moto wake sana bila kununua kitu.

Hatari mbili

Ya kwanza ni hewa. Ninyi wa upande wa Bulengo na Ziwa la Kijani mnajua mazuku, ile hewa mbaya ya volkano inayokaa mabondeni na kuua watu na wanyama bila kuonekana. Makala na briketi pia zinatoa hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu. Si hewa ileile ya mazuku, lakini inaua vilevile. Msiingize mbabula yenye moto ndani ya nyumba iliyofungwa ili kupata joto la usiku, hata kama moshi hauonekani. Mtu akisikia kichwa kuuma na kizunguzungu karibu na jiko, atolewe nje mara moja.

Ya pili ni moto wenyewe. Nyumba za mbao na vibanda vya shitingi vinawaka kwa dakika chache. Pipa la kuchomea liwe mbali na nyumba, mchana, bila upepo mkali, na mtu mzima akae karibu mpaka mwisho.

Mapatano mbele ya faida

Sasa tunakuja kwenye jambo tuliloahidi. Katika mtaa mmoja tuliona hivi: muuza makala alikuwa anafagia vumbi na kulitupa. Wamama waliohama wakaanza kuliokota. Walipoanza kuuza briketi, muuzaji akadai faranga kwa kila ndoo. Wenye mtaa nao wakasema: takataka ni zetu, hawa ni wageni. Katika majuma machache, kitu ambacho hakuna aliyekitaka kilikuwa sababu ya matusi. Ilibidi chefu akae nao siku mbili. Walipatana kwamba muuzaji apewe briketi badala ya faranga, na kwamba wenyeji waingie katika kikundi. Kazi ikaendelea.

Kutokana na mambo kama hayo, tunaleta kwenu mashauri manne, viongozi na jamaa zote.

Kwanza, kikundi kiwe cha pande mbili. Kama ni watu 20, basi 10 wawe waliohama na 10 wenyeji. Kikundi cha wakimbizi peke yao kitaonekana kwamba kinapendelewa na mashirika. Kikundi cha wenyeji peke yao kitawaacha wale wenye shida zaidi.

Pili, mapatano juu ya takataka yaandikwe mbele ya chefu wa mtaa: ni nyumba zipi zinatoa, wauzaji wa makala wanapewa nini, nani anabeba, zinakusanywa wapi. Karatasi moja inatosha, isomwe kwa sauti ili asiyejua kusoma asikie.

Tatu, hesabu iwe wazi. Wengi wenu mnajua likelemba na AVEC. Tumieni utaratibu huohuo: kasha lenye funguo tatu, kwa watu watatu, na hesabu mbele ya wote kila juma. Sehemu ya kwanza ya briketi iende jikoni mwa wanachama wenyewe. Zinazobaki ndizo za soko. Tukiziuza zote na kurudi msituni kutafuta kuni, tutakuwa tumepata faranga kidogo na kuacha hatari palepale.

Nne, tusiwafanye wachomaji wa makala kuwa adui. Kijana anayechoma makala Masisi au anayeyasukuma kwa chukudu ana watoto pia. Mkono wake unajua moto kuliko mikono yetu, na anaweza kuwa fundi wa pipa. Akialikwa leo, hatakuwa na sababu ya kuharibu kesho.

Tunaongeza neno kwa wababa. Kazi ya kutafuta moto imeachiwa wamama na wasichana kama vile ilikuwa sheria. Kutwanga, kukamua presi na kubeba magunia ni kazi nzito. Baba akishika presi, heshima yake haipungui, na binti yake anapata saa za kwenda shuleni.

Hatutawaambia kwamba briketi zitamaliza vita. Vita ina wenyewe na ina sababu zake, nyingine ziko mbali na sisi. Hatusemi pia kwamba msitu utapona kwa vumbi tunalofagia. Lakini ugomvi wa mbabula ndani ya nyumba moja, na safari ya msichana kwenda kutafuta kuni, ni mambo ambayo mtaa wenyewe unaweza kuyapunguza, kwa vitu ambavyo tayari viko mlangoni.

Ombi letu ni dogo. Katika salongo ya Jumamosi ijayo, kila avenyi iweke magunia matatu: moja la vumbi la makala na magunzi, moja la karatasi na vumbi la mbao, moja la plastiki ili itengwe na moto. Viongozi wachague fasi ya kuyaweka, yenye kivuli na iliyo mbali na nyumba. Sisi tutakuja na pipa moja na presi moja, na tutafanya kazi pamoja nanyi siku nzima. Wanaotaka kuandikwa katika kikundi waje wawili wawili, mmoja aliyehama na mmoja mwenyeji.

 Sasa tunapokea maulizo yenu, na tungependa wamama waanze.